Maswali yenu: magendo, walanguzi wa watu na kazi ya nchi mbili mpakani

Barua za safari hii zimetoka Tanga, Chalinze, Mombasa, Kampala, Namanga na Lamu. Tumezifupisha, lakini maswali tumeyaacha kama mlivyoyauliza.

"Kituoni wameniambia ya nje hayawahusu"

*Kijana wangu ana miaka 25, ana diploma ya kompyuta. Alipata kazi ya "huduma kwa wateja" Bangkok kupitia mtu wa Telegram, mshahara dola 1,000, tiketi alilipiwa. Sasa ananipigia usiku kwa kunong'ona. Anasema alivushwa mto, simu anapewa saa moja tu, na wenyewe wanadai dola 4,000 ndipo wamwachie. Kituoni nimeambiwa yuko nje ya nchi, hawana la kufanya. Niende wapi, wanangu? (Mama, Tanga)*

Shikamoo mama, na pole sana. Aliyekuambia hawana la kufanya amekosea. Kosa hili lilianzia hapa nyumbani: mtu alishawishiwa akiwa Tanzania, kwa ahadi ya uongo, ili akatumikishwe kwingine. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inahusu pia kumtafuta na kumshawishi mtu kwa hila, na hilo lilifanyika Tanga. Rudi kituoni, eleza hivyo hivyo, omba jalada lifunguliwe na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. (Msomaji wa Kenya ataomba namba ya OB.) Ukibanwa, omba kuonana na mkuu wa kituo. Usitoke bila namba hiyo, maana ofisi zote zinazofuata zitakuuliza hiyo kwanza.

Maelezo ya kijana yanalingana na njia inayojulikana. Watu hupokelewa uwanja wa Suvarnabhumi, Bangkok, wakaendeshwa usiku kiasi cha kilomita 500 hadi mji wa Mae Sot, kisha wakavushwa Mto Moei kuingia Myawaddy, upande wa Myanmar. Huko kuna makambi ya utapeli wa mtandaoni, ambako vijana hulazimishwa kuwarubuni watu kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji hewa. Eneo lenyewe limeshikwa na vikundi vyenye silaha. Polisi wa Thailand hawana mamlaka ng'ambo ya mto, na serikali ya Myanmar haifiki kwa nguvu. Kwa hiyo mwanao hutolewa kwa mazungumzo: serikali yetu iseme na Thailand, na Thailand iseme na walioshika upande wa pili.

Mazungumzo hayo yanaweza kuzaa matunda. Tarehe 5 Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikipelekwa upande ule. Wiki chache baadaye watu zaidi ya 7,000 walikuwa wametolewa makambini. Wachina waliondoka mapema kwa sababu serikali yao ilileta ndege za kukodi hadi Mae Sot, majina yakiwa tayari. Waafrika wengi, Wahabeshi wakiwemo, walikaa wiki nyingi kwenye kambi za muda mpakani, wakingoja nchi zao zithibitishe uraia wao na kupata nauli. Walikuwa wameshatoka kwa watesi wao, lakini karatasi hazijafika. Ndiyo maana tunakuomba uanze karatasi leo, hata kabla hajatoka.

Tengeneza bahasha tatu zinazofanana. Kila moja iwe na nakala ya ukurasa wa pasi wenye picha. Tiketi au namba ya safari na tarehe. Mazungumzo yote ya Telegram yakiwa na jina la mtumiaji na namba ya simu, si picha mbili tatu tu. Na risiti za kila senti iliyotumwa. Bahasha ya kwanza iende polisi. Ya pili iende Sekretarieti ya Kuzuia na Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ya tatu iende Wizara ya Mambo ya Nje, kwa watu wa huduma za raia walioko ng'ambo, na uulize ni ubalozi upi unaohudumia Thailand na Myanmar. Pata jina la afisa aliyepokea na tarehe. Kenya ina ubalozi Bangkok kwenyewe, na kwa upande wa polisi idara ya upelelezi wa jinai, DCI, ina kitengo maalumu cha ulanguzi wa binadamu.

Mahali alipo ndilo jambo linalotafutwa kuliko yote, kwa sababu "niko Myawaddy" haimsaidii afisa yeyote: makambi ni mengi na yametapakaa kando ya mto. Akipata nafasi salama, akutumie mahali alipo kwa WhatsApp mara moja kisha afute. Namba za ramani zinazotokea zikiwa na tarakimu nne baada ya nukta zinaonyesha jengo kwa usahihi wa mita 11 hivi. Akishindwa, akuambie kwa mdomo: jengo la ghorofa ngapi, paa rangi gani, bango gani anaona dirishani, mto uko upande gani jua linapotua. Lakini mama, aamue yeye mwenyewe lini ni salama. Simu huwa zinakaguliwa, na anayekutwa anapigwa.

Kuhusu zile dola 4,000: hatuwezi kumwamrisha mzazi, ila ujue kinachotokea mara nyingi. Wakilipwa hupandisha bei, au humuuza kwa kambi nyingine, na namba ya simu uliyokuwa nayo inakufa. Ukifikia kulipa, mwambie afisa wako kabla ya kutuma, na uhifadhi anwani ya pochi ya mtandaoni uliyopewa. Wengi hudai USDT, sarafu ya mtandaoni, na anwani ile ni ushahidi, kwa sababu fedha ya namna hiyo huacha nyayo zinazoweza kufuatwa hadi inakobadilishwa. Wala usitangaze picha yake mitandaoni angali ndani.

Siku atakayovuka kurudi Mae Sot atahojiwa na maafisa wa Thailand wanaotenganisha waliouzwa na wahalifu wenyewe. Hapa vijana wetu wengi hujiharibia kwa unyoofu. Anaulizwa, "Ulikuja mwenyewe?" Anajibu, "Ndiyo, nilikuja kutafuta kazi," na jalada lake linasomeka kwamba ni mhamiaji aliyezidisha siku. Itifaki ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, iliyoanza kutumika Desemba 2003, inasema wazi kwamba ridhaa ya mtu haina uzito ikiwa ilipatikana kwa hila au nguvu. Basi aeleze kwa mpangilio: nani alimdanganya, aliahidiwa nini, alikuta nini, alifanywa nini alipokataa, na kama mlango ulikuwa wazi kwake kuondoka. Aombe mkalimani na asitie saini asichoweza kusoma. Akihesabiwa mhamiaji tu, atadaiwa baht 500 (fedha ya Thailand) kwa kila siku aliyozidisha, hadi kikomo cha baht 20,000, na anaweza kufungiwa kuingia tena. Pasi ikiwa imepotea, ubalozi humpa hati ya dharura ya safari. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, husaidia pia katika kuwarejesha watu, nalo lina ofisi Dar es Salaam.

Na kwa wazazi wengine wanaosoma hapa: kabla mtoto hajaondoka, jina la wakala lihakikishwe kwenye ofisi ya ajira ya serikali: TaESA kwa Tanzania Bara au NEA kwa Kenya. Kazi ya kweli haianzi kwa viza ya utalii. Hicho peke yake kinatosha kumzuia mtu kupanda ndege.

"Wanalipa wenyewe, kwani kosa liko wapi?"

*Naendesha lori Dar kwenda Lubumbashi kwa njia ya Tunduma. Chalinze kuna dalali anataka nisogeze vijana 12 wa Kihabeshi hadi Tunduma, laki mbili kwa kichwa. Anasema hii si biashara ya watu kwa kuwa wanalipa wenyewe. Ni kweli? Tena nitajuaje kama utingo amepakia watu mimi nikiwa nimelala? (Dereva)*

Kaka dereva, dalali amekuambia nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokufunga. Kisheria ni makosa mawili tofauti. Usafirishaji haramu wa binadamu, ambao Kenya huita ulanguzi wa binadamu, ni kumchukua mtu kwa hila au nguvu ili atumikishwe. Unaweza kufanyika hata ndani ya wilaya moja. Kenya adhabu yake ni kuanzia miaka 30 au faini ya kuanzia shilingi milioni 30. Magendo ya wahamiaji ni kumvusha mtu mpaka kinyume cha sheria kwa malipo, hata kama amekubali. Huko mkosewa ni nchi, na mkosaji ni anayevusha. Itifaki ya magendo ya wahamiaji inasema mhamiaji asishitakiwe kwa sababu tu alivushwa. Anayetafutwa ni wewe na dalali, na dalali hatakuwepo kwenye kizuizi.

Mahakama za Tanzania zimekuwa zikitoa faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20 kwa kosa hili, na gari nalo huwa hatarini kutaifishwa. Laki mbili mara 12 ni milioni mbili na laki nne.

Lakini hata fedha na jela tuziweke kando, tuseme habari ya pumzi. Kontena la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo 67 hivi. Weka humo watu 70, kila mmoja anabakiwa na lita zisizofika 900 za hewa. Mtu aliyetulia hutoa kati ya lita 15 na 20 za hewa ukaa kila saa, na aliyetishika hutoa zaidi. Baada ya saa tano, milango ikiwa imefungwa barabara, hewa ukaa inakaribia asilimia 10, na kwa kiwango hicho mtu anazimia. Nao watu hawachukui muda mrefu hivyo kuanza kuteseka. Asilimia 5 tu, ambayo inafikiwa kwa saa mbili na nusu, inatosha kuwafanya wahemee juu juu na kugonga kuta. Machi 2020, Moatize katika jimbo la Tete, Msumbiji, lori lililotoka Malawi lilifunguliwa likakutwa na Wahabeshi 78. Waliokuwa hai ni 14. Oktoba 2019, Essex huko Uingereza, trela la friji lililoshushwa kutoka Zeebrugge, Ubelgiji, lilikuwa na Wavietnamu 39, wote wamekufa. Uingereza, Ubelgiji, Ufaransa na Ireland ziliunda kikosi kimoja cha upelelezi, ushahidi ukawa unapita moja kwa moja baina yao, na hukumu zilitoka katika nchi zaidi ya moja. Mmoja wa waandaaji alipewa miaka 27. Madereva hawakuponea.

Sasa la utingo. Kila ukisimama kwa zaidi ya robo saa, zunguka gari kabla ya kuwasha. Soma namba ya sili, ile lakiri ya mlango, kwa sauti, uilinganishe na iliyo kwenye karatasi, kisha uivute na uizungushe. Iliyokatwa ikagundishwa kwa gundi hutoka mkononi. Tazama misumari na bolti za vishikio vya mlango: rangi mpya mahali penye kutu ni dalili mbaya. Kwa gari la turubai, fuata kamba yote kwa kidole utafute fundo au kiungo. Chungulia kati ya ekseli na kwenye sanduku la tairi la akiba, na ukiwa juu ya mwinuko tazama paa, maana vumbi huonyesha nyayo. Andika saa, mahali na saini kwenye daftari la safari.

Mizani pia ni shahidi wako. Vijana 12 ni kiasi cha kilo 700. Kama tiketi ya mizani ya Vigwaza inasoma tani 48.2 na ya mizani ya Mpemba inasoma 48.9, na ulijaza mafuta lita 400 ambazo ni kilo 340 tu, tena nyingine umezichoma njiani, basi kuna kitu kimeongezeka. Shuka ukague, na ukikuta watu fungua mlango wapate hewa kwanza, polisi uwapigie wakati wanapumua.

Huko Calais mpakani mwa Ufaransa, maafisa wa Uingereza hukagua malori wakiwa kwenye ardhi ya Ufaransa, kwa mkataba wa Le Touquet wa 2003. Wana kijiti cha kupima hewa ukaa kinachopenyezwa kwenye turubai, mtambo unaosikia mapigo ya moyo kupitia mtikisiko wa gari, na mbwa. Dereva anayekutwa na watu bila rekodi za ukaguzi anaweza kutozwa hadi pauni 10,000 kwa kila kichwa, hata akiapa hakujua. Daftari la safari ndilo linalomwokoa.

"Sili ya Mombasa haiheshimiwi?"

*Sisi ni mawakala wa forodha. Kontena letu la chai, futi 20, liliondoka Mombasa na sili nzima, karatasi safi. Singapore wakalifungua, tukapoteza siku tisa. Je, kuna makubaliano gani kama nchi moja haiamini sili ya nyingine? (Wakala, Mombasa)*

Sili inaheshimiwa, ila haitoshi. Mlango wa kontena una bolti na ribiti zake. Genge lenye fundi mzuri huondoa kishikio chote na sili ikiwa juu yake, likapakia, likarudisha. Sili inabaki na namba ile ile.

Halafu kuna historia ya chai yenyewe. Mei 2015 forodha ya Singapore ilifungua makontena mawili yaliyoandikwa majani ya chai kutoka Kenya kwenda Vietnam. Ndani kulikuwa na vipande 1,783 vya pembe za ndovu, karibu tani 3.7, pamoja na pembe nne za kifaru. Mkulima wa Kericho hakuhusika hata chembe, ila tangu hapo msishangae chai ya Mombasa ikitazamwa mara mbili.

Namna wanavyochagua: hakuna bandari inayofungua kila kontena. Idara za forodha hutumia alama za hatari. Msafirishaji aliyesajiliwa juzi. Nauli iliyolipwa taslimu. Mzigo ambao thamani yake haifiki nauli yake. Jina la mpokeaji kubadilishwa kwenye hati ya shehena meli ikiwa tayari baharini. Kupitishwa bandari tatu pale ambapo moja ingetosha. Uzito uliotangazwa kutofautiana na wa kreni. Tangu 2004 Umoja wa Mataifa, kupitia ofisi yake ya madawa na uhalifu, pamoja na Shirika la Forodha Duniani wana mpango wa kudhibiti makontena. Polisi, forodha na idara za wanyamapori huketi chumba kimoja bandarini, na Mombasa wapo. Vikundi hivyo hutumiana taarifa kwa mtandao wao uliofungwa, kwa hiyo afisa wa Mombasa anayetilia shaka kontena lililokwisha kuondoka anaweza kumwomba mwenzake wa Singapore alipokee. Huenda lenu liliombwa hivyo, au liligonga alama mbili tatu tu.

Afisa akifungua, hapimi kwa macho. Kuna sehemu saba za kukagua: ukuta wa mbele, kulia, kushoto, sakafu, dari, milango ndani na nje, na chini ya tumbo la kontena. Anachukua futi kamba. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi. Likisoma mita 5.5, sentimita 40 zimejificha nyuma ya ukuta wa bandia, nazo zinatosha kubeba pembe nyingi. Anagonga ukuta kwa nyundo ndogo na kusikiliza sauti ilipobadilika.

Cha kufanya ninyi: wakati wa kupakia pigeni picha tano zenye tarehe, zote zikionyesha namba ya kontena. Liwe tupu, liwe nusu, liwe limejaa, mlango mmoja ukiwa umefungwa, na mwisho sili iliyofungwa huku namba ikisomeka. Zitumeni kwa mteja na kwa wakala wa meli siku hiyo hiyo. Bei ya picha ni sifuri, na zinaokoa siku kadhaa za mabishano. Mkipata hadhi ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa na mamlaka ya mapato, KRA, alama zenu za hatari zitashuka kwa kiasi kikubwa.

Tuongeze jambo linalotuuma. Kukamata mzigo ni nusu ya kazi. Kumkamata mwenye mzigo ndiyo nusu ngumu. Mikataba ya kimataifa, ule wa Vienna wa 1988 kwa madawa na ule wa Palermo wa 2000 kwa uhalifu uliopangwa, inaruhusu mzigo haramu uachwe uendelee na safari chini ya uangalizi hadi mpokeaji ajitokeze. Inahitaji nchi zote za njiani zikubali na zinyamaze. Badala yake mara nyingi bandari iliyokamata huita waandishi mchana ule ule, pembe zimepangwa sakafuni, na jioni mwenye mzigo aliyeko kwetu amesikia redioni na kuzima simu zake.

Kisha kuna ushahidi. Nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, zinatakiwa, kila zinapokamata pembe za kilo 500 au zaidi, kuchukua sampuli za vinasaba ndani ya siku 90. Vipimo hivyo vimeonyesha pembe mbili za ndovu mmoja zikitoka katika makontena mawili tofauti, na hivyo kuunganisha kesi ambazo hakuna aliyedhani zinahusiana. Lakini kila pembe lazima iwe na namba, saini na jina la kila aliyeishika. Mwaka 2014 Mombasa zilikamatwa zaidi ya tani mbili. Mtuhumiwa alirudishwa kutoka Dar es Salaam kwa msaada wa Interpol, akahukumiwa miaka 20 mwaka 2016, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo kwa kasoro za ushahidi na za uendeshaji wa kesi. Polisi wa nchi mbili walishirikiana vizuri sana. Kazi ikaharibikia stoo na kwenye makabrasha.

"Interpol wakimtaka mtu, mbona hakamatwi?"

*Nasoma sheria. Kila siku tunasikia "anasakwa na Interpol", na mtu huyo huyo anapigwa picha harusini nchi jirani. (Mwanafunzi, Kampala)*

Kwa sababu Interpol haina polisi wa kukamata. Ni mtandao wa nchi wanachama 196, makao yake Lyon, na kila nchi ina ofisi yake ndani ya polisi wake. Ile notisi nyekundu ni ombi la kumtafuta na kumzuia mtu kwa muda. Kama ina nguvu ya hati ya kukamata au la, kila nchi huamua kwa sheria zake.

Tofautisha njia mbili. Polisi kwa polisi ni ya haraka: namba ya simu, jina, safari ya ndege, vinaweza kupita kwa saa chache. Lakini hizo ni taarifa za upelelezi, na wakili mzuri atazikataa mahakamani. Njia ya pili ni msaada wa kisheria baina ya nchi, ambapo ombi hupitia mamlaka kuu, ambayo Kenya ni Mwanasheria Mkuu kwa sheria ya 2011. Hiyo huleta ushahidi unaosimama, ila huchukua miezi. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ndogo: halijatafsiriwa, halikutaja kifungu cha sheria, au limeomba "taarifa zote za benki" bila namba ya akaunti wala tarehe. Na kumhamisha mtu mwenyewe kunadai tendo liwe kosa katika nchi zote mbili.

Hapo kwenu Kampala, Februari 2017, Moazu Kromah alikamatwa na pembe za ndovu tani 1.3. Kesi ilisuasua, na Juni 2019 akapelekwa New York, ambako alikiri na kuhukumiwa miezi 63 mwaka 2022. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani, kwa kesi ya madawa ya kulevya. Wakasumbuana na mahakama za Kenya hadi Januari 2017 walipokabidhiwa. Mmoja akapata miaka 25, mwingine 23. Wewe wa sheria utaona kwamba jinsi walivyokabidhiwa, kesi ya kuwahamisha ikiwa bado haijamalizika, bado ni swali. Tunafurahi kwamba walifungwa, lakini njia ya mkato huwapa mawakili wa kesi ijayo silaha.

"Namanga napigwa mihuri miwili dirisha moja"

*Afisa wa Tanzania anafanya nini upande wa Kenya? (Mfanyabiashara)*

Ni utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani. Cha Namanga kilizinduliwa Desemba 2018. Unasimama upande unakoingia tu: unamaliza kutoka, hatua chache mbele unaingia. Ndani ya eneo lililotengwa, afisa wa kila nchi anatumia sheria za nchi yake hata akiwa kwenye ardhi ya jirani. Faida kwa vita dhidi ya magendo ni kwamba tamko lako la mzigo linaonekana na wote wawili. Uzani wa kutoka ukiwa tofauti na wa kuingia, swali linaulizwa papo hapo. Kasoro ni kwamba magendo makubwa hayaji dirishani. Yanapita njia za panya usiku, na huko doria za pamoja bado ni chache mno.

"Meli ya kivita ya kigeni ina haki ya kunisimamisha?"

*Mimi ni nahodha wa jahazi. Wenzangu wanasema nje ya maili 12 hakuna wa kukugusa. (Lamu)*

Nahodha, wenzako wamekosea. Ndani ya maili 12 za baharini sheria ni ya Kenya. Hadi maili 24 Kenya inaweza kukuzuia kwa mambo ya forodha na uhamiaji. Zaidi ya hapo chombo kiko chini ya bendera yake, lakini kifungu cha 110 cha mkataba wa sheria za bahari kinaruhusu meli ya kivita ya nchi yoyote kupanda chombo kisicho na uraia. Majahazi yanayoshusha heroini kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, mara nyingi hayana usajili, na hapo ndipo yanapokamatikia. Aprili 2014 meli ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi maili 27 tu kutoka Mombasa, kama kilomita 50. Unga uliharibiwa, jahazi na watu wake wakaachiwa, kwani kupata nchi ya kuwashitaki waliokamatwa bahari kuu ni kazi ngumu. Kwa maoni yetu hapo ndipo ushirikiano huu unapovuja kuliko mahali pengine popote.

Kwako wewe mwenye samaki au mikoko halali: cheti cha usajili, orodha ya mabaharia na ruhusa ya kutoka bandarini viwe kwenye mfuko usioingia maji, karibu na usukani. Jina na namba ya chombo vipakwe pande zote mbili, visomeke kwa darubini. Ukiitwa kwenye redio, chaneli 16, jibu, hata kwa Kiswahili kama Kiingereza hakipandi, kisha punguza mwendo. Mabaharia wote wakae mbele, mikono ionekane, na asiwepo wa kutupa kitu chochote majini, hata takataka.